Kampuni ya Matangazo Inavyodidimia Ufipa

Kampuni ya matangazo mjini Sumbawanga huwa na vyumba viwili, kompyuta tatu, spika za kufunga juu ya gari, na mkurugenzi. Kazi yake ni kuwajulisha wakazi wa uwanda wa Ufipa kwamba mbolea imefika, shule binafsi inaandikisha, na gesti mpya ina maji ya moto. Hilo la mwisho si dogo katika mji ulio mita zipatazo 1,800 juu ya usawa wa bahari, ambako Julai hata mwenyeji haingii bafuni bila kujishauri.

Kinachoimaliza ni kalenda. Fedha ya Ufipa hufuata mahindi. Mvua huanza Novemba na kuisha Aprili. Mazao yakishatoka shambani, kila mwenye duka ana la kutangaza na cha kulipia. Ikifika Februari akiba imeliwa, pembejeo zimekopwa, na mteja anayedaiwa bango hujibu kwa utulivu kwamba atalipa akivuna. Hadanganyi, ndivyo uwanda mzima unavyolipana. Mshahara, kwa upande wake, haujui msimu: unatakiwa kila mwezi. Meneja mwangalifu angetenga fedha za Agosti. Meneja wa kampuni inayodidimia hununua gari aina ya Noah Agosti, kisha Februari huanza kuiuza, mwezi ambao hata wa kuulizia bei hapatikani. Mwaka 2017, Serikali ilipopiga marufuku mahindi kuuzwa nje ya nchi na bei ikaanguka, mikoa inayoishi kwa mahindi ilionja Agosti yenye mfuko wa Februari.

Tiba ya kwanza ya ukata huwa kikao. Huitishwa saa tatu asubuhi, huanza saa nne na nusu, na ajenda yake ni kwa nini kazi zinachelewa. Tiba ya pili ni vyeo, kwa kuwa havina gharama. Kadiri watu wanavyopungua ofisini, ndivyo waliobaki wanavyopanda: mchoraji huwa Mkuu wa Ubunifu, dereva akiacha kazi mchoraji huongezewa Ukuu wa Usafirishaji, na funguo za gari hukabidhiwa mbele ya kikao. Karatasi ya mshahara hutolewa vilevile, ikionyesha makato ya NSSF, asilimia kumi ya mfanyakazi. Makato hayachelewi kuandikwa. Kinachochelewa ni kile kinachokatwa.

Mabango makubwa hupelekwa kuchapwa Mbeya, zaidi ya kilomita 300 kwa njia ya Tunduma, na kurudi kwa basi. Hapa ajali ni nyingi kiasi kwamba zingestahili kitabu chake. Aliyetumwa stendi akichelewa, mzigo hupitiliza hadi Mpanda, na bango la "TUNAFUNGUA LEO" humfikia mwenye duka siku tatu baada ya duka kufunguliwa. Kwa kuwa ameshalipa, hulitundika hivyo hivyo, na huko juu hukaa mwaka mzima, kila asubuhi likisema kweli. Kosa la tarakimu moja kwenye namba ya simu lina madhara mapana zaidi: oda za saruji humwangukia mvuvi wa Kasanga, kando ya Ziwa Tanganyika, ambaye siku ya kwanza hukasirika, siku ya pili huzoea, na siku ya tatu huanza kutaja bei.

Umeme nao una sehemu yake. Kwa miaka mingi Sumbawanga ilitegemea umeme ulionunuliwa kutoka Zambia, na kampuni ikaurithi udhuru ulio tayari: kazi ikichelewa, tatizo liko Zambia. Mteja mwenye mashaka angechungulia mita ya LUKU ukutani, angeona sifuri, na angeielewa Zambia vizuri zaidi.

Pigo kubwa lilitoka kwenye simu ya mkononi. Mwenye duka wa Laela sasa hupiga picha mifuko ya mbegu, huiweka WhatsApp, na wateja huja kabla gari la spika halijawashwa. Kampuni hujibu kwa kufungua ukurasa wa Instagram. Salamu za Nane Nane hutoka tarehe tisa, kwa sababu ya bando, na wanaozipenda ni wafanyakazi wenyewe, kwa agizo la kikao.

Mwisho wenyewe hauna kelele, jambo la ajabu kidogo kwa biashara ya spika. Kompyuta hushikiliwa na mwenye nyumba kwa kodi ya pango, na spika hununuliwa na kwaya. Mchoraji hupanga kibanda karibu na stendi na kutengeneza mihuri, stika na kadi za harusi kwa fedha mkononi. Asiye na fedha Julai hulipa kwa gunia la mahindi, ambalo mchoraji huliuza Februari, bei ikiwa juu. Miongoni mwa wateja wake wa mwanzo huwa mkurugenzi, anayehitaji kadi mpya zenye cheo cha Mshauri wa Masoko.