Advansi ya Chumba cha Gesti

Advansi ya chumba ni fedha anayotanguliza msafiri ili chumba kisiuzwe kwa mwingine. Mjini Singida, ambako barabara za Dodoma, Mwanza na Arusha hukutana, siku nyingi haihitajiki: mgeni hushuka, huuliza, hupewa ufunguo. Mambo hubadilika mji ukipata ugeni. Mei Mosi ya 2025 iliadhimishwa hapa kitaifa, viwanja vya Bombadia. Na Simba au Yanga ikija kucheza na Singida Black Stars, hata chumba kinachopakana na jenereta huwahiwa.

Malipo hupita kwenye simu. Namba hutolewa na mhudumu, jina linalotokea ni la mtu mwingine kabisa, na maelekezo ni mafupi: “Tuma na ya kutolea.” Kisha kwenye kauntabuku huandikwa jina moja tu la mgeni, kwa kawaida lile ambalo wageni watatu wa siku hiyo wanalo.

Kuvunjika kwa safari kuna namna tatu. Kwanza, mgeni hutoa taarifa mapema. Fedha yake hairudi wala haipotei. “Inasogezwa mbele”, hadi tarehe ambayo hana safari. Pili, basi huharibika mlima Sekenke. Mgeni hupiga simu, kumbe mhudumu wa mchana ameondoka na simu ya gesti. Saa nane usiku huwasili na kukuta chumba chake kinakoroma. Tatu, mgeni haonekani kabisa. Huyu ndiye mteja bora, maana hachafui mashuka.

Sheria ya Mikataba, Sura ya 345, humpa aliyevunjiwa mkataba fidia inayostahili, isiyozidi kiasi cha fidia kilichotajwa kwenye mkataba, kama kimetajwa. Chumba kikipata mgeni mwingine usiku uleule, hoja ya hasara hupungua nguvu. Lakini mapokezini sheria hiyo hukabiliana na karatasi iliyobandikwa ukutani: “Pesa ikishalipwa hairudishwi.” Kinachofuata ni mazungumzo, na kinachopatikana mara nyingi ni nusu, tena bila ya kutolea.

Mambo matatu huulizwa kabla ya kutuma: fedha inapokelewa na nani, mwisho wa kuahirisha ni lini, na kiasi gani hurudi. Majibu hutakiwa kwa ujumbe wa simu, si kwa mdomo, kwa sababu mhudumu wa zamu ya usiku mchana hakuwepo.