Debe Lililoitwa Y

Stoo ya kahawa, Kamachumu, wilayani Muleba. Tajiri kafunga mlango kaenda kulala. Ndani wamebaki Mizani na Debe.

DEBE: Shikamoo mzee. Leo kuna binti wa kidato cha kwanza kaniita y. Nimemkosea nini?

MIZANI: Marahaba. Ndivyo wanavyofundishwa, gunia naye kamwita x. Baba yake alichukua butura, pesa za kahawa ikiwa bado maua, apate ada. Sasa analipa kwa kahawa ya maganda, na binti kaja na risiti.

DEBE: Zinasemaje?

MIZANI: Jumatatu, magunia mawili na madebe matatu: kilo 127. Jumatano, gunia moja na madebe matano: kilo 95. Magunia yote hujazwa sawasawa, kwao wanaweka alama.

DEBE: Ya Jumatatu si ingetosha?

MIZANI: Wapi, waitu! Gunia likiwa kilo 50 na wewe 9, 127 inatimia. Likiwa 56 na wewe 5, inatimia vilevile. Tajiri anampenda sana mkulima mwenye karatasi moja. Binti akazidisha ya Jumatano mara mbili: magunia mawili, madebe kumi, kilo 190. Akatoa ya Jumatatu. Magunia yakaondoka, yakabaki madebe saba kwa kilo 63.

DEBE: Kilo tisa! Ndiyo mimi huyo.

MIZANI: Na gunia 50. Shuleni wangempa vema, waendelee na bei ya kalamu na madaftari. Yeye akatoa karatasi ya Ijumaa: magunia matatu, madebe mawili. Hiyo ni 168. Imeandikwa 150.

DEBE: Kilo 18, mimi mara mbili! Na aliyepima ni wewe!

MIZANI: Nilipima nilivyokazwa. Springi si mali yangu.

DEBE: Tajiri akasemaje?

MIZANI: "Huyo x na huyo y siwajui. Ninayemdai hapa ni baba yako."

DEBE: Si waende serikalini?

MIZANI: Butura ni marufuku. Baba mtu akidai kilo zake 18, kwanza aeleze kwa nini aliuza maua. Tajiri naye ofisini hathubutu kupita.

DEBE: Kwa hiyo wamemalizana vipi?

MIZANI: Jumatatu ijayo baba yake analeta magunia mengine, na tajiri kaacha kuandika risiti.