Maombi ya Kibali cha Bwawa Lililomo Ndani ya Noah

Mlandege,
Iringa.

Kwa Bodi ya Maji Bonde la Rufiji,
Hapa hapa Iringa.

YAH: MAOMBI YA KUTAMBULIWA KWA BONDE DOGO LA TANO



Husika na kichwa cha habari tajwa hapo juu.

Mimi ni mkazi wa Mlandege, hii yetu ya Iringa. Ile ya Unguja, yenye timu iliyobeba Kombe la Mapinduzi mwaka 2023 na 2024, ni ya watu wengine wenye furaha zao. Nina mke, watoto watatu na Toyota Noah aliyoichoka Mjapani fulani kabla mimi sijaanza kuipenda. Ndani ya Noah hiyo kuna maji. Na kwa kuwa Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji Na. 11 ya mwaka 2009 inasema maji yote ya nchi hii ni mali ya umma, chini ya Rais akiwa mdhamini wetu, basi kwa miezi miwili nimekuwa nikizunguka mjini na mali ya umma bila kibali cha kuitumia wala kibali cha kuitiririsha. Najisalimisha kabla sijafuatwa.

Bonde lenu lina mabonde madogo manne: Ruaha Mkuu, Kilombero, Luwegu na Rufiji ya Chini. Naomba la tano liitwe Noah. Vigezo tunavyo. Chanzo kipo, mkondo upo, ardhioevu ipo (ile sponji iliyo chini ya kapeti), na bayoanuwai inastawi: mikanda ya viti imeota ukungu, na chini ya kiti cha nyuma kuna kitu ambacho mama watoto anakiita uyoga, mimi nakiita pipi iliyoota manyoya. Kwenye umeme ndiko tuko nyuma. Mtera ina mitambo ya megawati 80, Kidatu 204. Sisi mpaka sasa tumeunguza fyuzi moja tu.

Historia ya bonde ni hii. Mvua zilipoanza mwishoni mwa Novemba, vioo vikaanza kuamka na ukungu kwa ndani. Nikasema ni baridi ya Iringa. Wiki mbili baadaye, kila nikipanda tuta nasikia chubwi, kama mtu amebeba dumu lisilojaa. Nikasema ni mafuta. Kisha ikaja harufu. Trafiki mmoja aliinama dirishani, akavuta pumzi, akaniangalia kwa upole wa mtu aliyezoea msimu wetu wa mvua na pombe yake ya mianzi, akauliza: "Mzee, ulanzi huo unaupeleka wapi?" Nikamwonyesha kapeti. Akaniruhusu niende, nadhani kwa huruma.

Ndipo nikaunda tume. Mjumbe alikuwa mmoja, mimi, na tume ilimaliza kazi kwa dakika tano. Kapeti lilikuwa limelowa nyuma, upande wa kushoto, chini ya miguu ya kitinda mimba wetu mwenye miaka sita na chupa ya maji ya shule. Ushahidi ulijitosheleza.

"Baba, mimi sijamwaga."

"Mbona maji yako miguuni kwako?"

Akahamishwa. Chupa ikataifishwa. Kapeti likaanikwa siku nzima, mvua ikanyesha usiku, asubuhi tukakuta dimbwi lilelile, mtuhumiwa akiwa hajakanyaga hapo.

Ninyi mnaifahamu hadithi hii kuliko mimi. Tangu 1993 Ruaha Mkuu hukauka kiangazi ndani ya hifadhi, viboko wakabaki wanasukumana kwenye madimbwi. (Ofisi yenu nayo ilianza 1993. Sihusishi, nataja tu tarehe.) Macho ya taifa yakaenda pale panapoonekana, bonde la Ihefu, na waliokutwa pale ni wafugaji na ng'ombe wao. Mwaka 2006 na 2007 wakaondolewa, wengi wakaelekezwa Lindi. Mto ukaendelea kukauka, maana huko juu kwenye mifereji ya mashamba ya Usangu maji yalikuwa yanachepushwa kama kawaida, na mfereji hauna kwato za kuacha alama. Mimi sina Lindi. Mwanangu nilimhamishia kiti cha katikati.

Baada ya hapo nikawaita wataalamu. Fundi wa kwanza alizungushia kioo cha mbele silikoni hadi gari likafanana na keki ya harusi. Wa pili alilaumu mpira wa mlango wa nyuma. Wa tatu akasema ni AC inadondosha. Iringa, jamani. Nani anawasha AC Iringa?

Aliyepata jibu ni mama watoto, na hakulitoa gereji. Alilitoa sebuleni, ambako bati letu linavuja juu ya kabati lakini tundu lenyewe liko kule jikoni. Maji hutembea na boriti, yakichoka ndiyo hudondoka. Jumamosi moja tukang'oa viti na kapeti. Ile sponji nilikamua ndoo moja na nusu. Juu ilikuwa kavu kabisa, inadanganya. Tukafuta bati la sakafu likang'aa, tukanyunyiza poda ya mtoto kwenye kila kona na kila kiungio, hadi chini ya dashibodi. Mimi nikajikunja ndani na tochi ya simu. Yeye nje na jagi, anamwaga kuanzia chini kwenda juu, maana ukianzia juu kila kitu kinalowa na hutajua nani kaanza. Milango, kimya. Madirisha, kimya. Kioo cha mbele chenye silikoni ya bei mbaya, kimya. Alipomwaga pale waipa zinapolala, poda iliyo chini ya dashibodi, upande wa abiria, ikachorwa mstari mwembamba, kisha mstari ukawa mto.

Chini ya zile plastiki za waipa kuna mfereji, na kila pembe ina tundu la kutolea maji nyuma ya tairi la mbele. Matundu yote mawili yalikuwa yamezibwa na majani na maua ya jakaranda ya Oktoba, yameshakuwa mboji nzuri ya kupandia nyanya. Maji yakikosa njia yanapanda, yanaingia kwenye tundu la feni ya hewa, yanashuka miguuni pa abiria, yanapita chini ya kapeti. Na kwa kuwa kwetu naegesha pua ikitazama mlimani, yanakwenda kupumzika alipokuwa akikaa mtoto. Jakaranda yenyewe niliipanda kwa kuitikia kampeni ya mazingira.

Hapo nina swali la kisheria. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inazuia shughuli za kudumu za binadamu ndani ya mita 60 kutoka chanzo cha maji. Usukani wangu uko mita moja kutoka chanzo. Je, nihame, au mtanipa muda wa kuvuna kwanza?

Nataarifu pia kwamba Jumapili nilichomoa kizibo cha mpira kilicho sakafuni, nikafungulia bwawa bila kuwapigia simu walioko chini. Maji yameingia mtaroni, yataingia Ruaha Mdogo, na Mungu akipenda yatafika Mtera. Mkiona kina kimepanda kidogo na maji yananuka uyoga, msitume timu.

Naambatisha jani moja la jakaranda kama kielelezo.

Wako katika ujenzi wa taifa,
Mwenye Noah, Mlandege.

Nakala:
Mafundi watatu, kwa taarifa.
Mama watoto, kwa jalada.
Mkazi wa zamani wa kiti cha nyuma kushoto: chupa yako iko juu ya friji. Baba anaomba urudi.