Namna ya Kubaki Mheshimiwa Sanduku Lisipofika

Karibu, Mheshimiwa. Vua kwanza hivyo viatu vya Kinshasa. Matope ya njia ya Sake hayajui cheo cha mtu. Keti, uletewe kipande cha jibini ya Masisi na chai ya maziwa, kisha tuzungumze lile lililokuleta, ambalo uliona haya kulitaja mbele ya dereva: ufanye nini ili uchaguzi ujao ukukute bado kitini?

Watu watakuambia ujenge shule. Usiwasikilize. Shule hujengwa na anayeutafuta ubunge, na hata yeye hujenga msingi tu, akapiga nao picha. Wewe uliyekwisha kuupata una kazi nyingine kabisa, nayo inadai utulivu.

Zaliwa mahali panapofaa

Ushauri huu umekuchelewa, lakini nautoa kwa faida ya watoto wako. Masisi na Walikale ni majirani. Walikale ni pori kubwa lenye kilomita za mraba zaidi ya 23,000, pana kupita theluthi ya Kivu Kaskazini yote, na chini ya miti yake kuna bati la Bisie. Masisi ni ndogo, ya vilima, ng'ombe na viazi, na koltani ya Rubaya. Mgombea mchanga atazipima teritwari hizi mbili kwa madini yake. Mzee wa siasa huuliza swali moja tu: mashine ya kupigia kura inafika wapi, na haifiki wapi?

Tarehe 20 Desemba 2023, nchi ilipopiga kura, Walikale ilipiga. Masisi haikupiga. Ilibaki nje pamoja na jirani yake Rutshuru na Kwamouth ya kule Mai-Ndombe, kwa sababu ya vita. Kabla ya hapo wakazi wake hawakuweza hata kuandikishwa inavyotakiwa, kwa hiyo tume ya uchaguzi, CENI, ilipohesabu viti vya kugombewa katika Bunge la taifa, kati ya 500 ilipata 484.

Sasa tazama maisha ya wabunge wa teritwari hizi mbili. Mbunge wa Walikale alilazimika kupanda pikipiki, kuvuka madaraja ya magogo, kula sombe kwa watu asiowakumbuka majina, na kujibu maswali ya vijana kuhusu ahadi za 2018. Wagombea waliotaka viti vile 484 walizidi 25,000 nchi nzima. Fanya hesabu mwenyewe, ukipenda kulala vibaya. Mwenzake wa Masisi hakupata mpinzani hata mmoja, kwani hapakuwa na uchaguzi. Waliochaguliwa 2018 waliendelea kuitwa redioni "élu wa Masisi", na jina lenyewe si la uongo. Kweli walichaguliwa. Hakuna aliyesema ni lini.

Jifunze kuteleza

Wasiojua wanadhani jambo hili la kubaki kitini bila kura lililetwa na waasi wa M23. La hasha. Kuteleza ni ufundi wa zamani wa nchi yetu, una hata jina lake, "glissement", na mabingwa wake halisi walikuwa wabunge wa majimbo.

Walichaguliwa tarehe 29 Oktoba 2006 kwa muhula wa miaka mitano. Mwaka 2011 tulichagua rais na wabunge wa taifa. Uchaguzi wa majimbo ukaahirishwa, ukaahirishwa tena, na wao wakakaa mpaka 2019. Mtoto aliyezaliwa siku ya kura yao alimaliza shule ya msingi, akaanza kuota ndevu, mbunge wake akiwa yule yule. Maseneta waliochaguliwa na mabunge hayo Januari 2007 nao walidumu vivyo hivyo. Hakuna aliyepindua serikali, hakuna aliyeiba sanduku. Kulikuwa na kalenda tu, na kalenda haina haraka.

Kwa hiyo, Mheshimiwa, soma kifungu cha 103 cha Katiba kama wengine wanavyosoma Zaburi. Kinasema muhula wa mbunge wa taifa ni miaka mitano, kisha kinaongeza kwamba unakwisha pale Bunge jipya linapoketi. Sentensi ya kwanza waachie wapiga kura. Wewe kaa ndani ya ile ya pili.

Nakuonya lakini: kuteleza nako kuna mipaka. Mwishoni mwa 2018 Beni na Butembo ziliondolewa katika kura kwa sababu ya Ebola na usalama, zikaambiwa zitapiga Machi. Zikapiga kweli, tarehe 31 Machi 2019, wakati rais alikwisha kuapishwa tangu Januari. Wabunge wa huko walisubiri miezi mitatu tu. Ukitaka kuteleza vizuri, usitegemee ugonjwa. Ugonjwa hupona.

Kama wewe ni mbunge wa jimbo, usijisumbue

Hapa nanong'ona, maana wenzako wa taifa wanaweza kuona wivu.

Mwaka 2021 bunge la jimbo la Kivu Kaskazini mjini Goma lilikuwa chini ya Robert Seninga, ambaye mwenyewe alichaguliwa Masisi. Tarehe 6 Mei ukaanza ule utawala wa kijeshi tunaouita "état de siège". Gavana wa kiraia akampisha jenerali, na bunge la jimbo likasimamishwa kazi. Siku 30 za kwanza zilitolewa kwa ahadi kwamba vita vitakwisha. Kisha zikaongezwa 15, na 15 nyingine, na nyingine tena, kwa kura iliyopigwa Kinshasa, hadi mtu akaacha kuhesabu. Mama mmoja muuza makaa alinifafanulia vizuri kuliko wanasheria: ni kama deni la dukani, kila wiki mbili unakwenda kusema "nitalipa".

Basi Desemba 2023 watu wa Walikale wakapanga foleni, wakagusa kioo cha mashine, wakachagua pia wabunge wa jimbo. Wengine walirudi, wengine walianguka. Lakini aliyeshinda alishinda nini? Bunge la kwenda kuketi lilikuwa limefungwa na jenerali. Aprili 2024, majimbo mengine yalipochagua maseneta na magavana wao, Kivu Kaskazini na Ituri zilibaki zikitazama. Nadhani haipo nchi nyingine ambako aliyeshinda, aliyeshindwa na ambaye hakupigiwa kura wanaweza kukutana kwenye meza moja ya bia, wote watatu wakaitwa "honorable", na mwenye baa asiwe amemdanganya yeyote.

Faida yake kwako ni kubwa. Huna kikao cha kukosa. Huna muswada wa kusinzia juu yake. Ukiulizwa umefanya nini kwa muhula mzima, jibu ni moja na ni la kweli: nilizuiwa.

Ikitokea bahati mbaya, kura zikafika

Sasa tuseme wewe ni wa Walikale. Pole. Fanya haya.

Tafuta orodha kabla ya kutafuta wapiga kura. Sheria yetu inaweka kizingiti: orodha isiyopata asilimia 1 ya kura nchi nzima haipewi kiti katika Bunge la taifa, hata kama mgombea wake amependwa na kila nyumba kutoka Hombo hadi Pinga. Kwa maneno mengine, unaweza kuwa wa kwanza kijijini, ukaangushwa na watu wa Bandundu ambao hawajasikia jina lako. Mwanasiasa mjuzi anaunda chama, kisha chama cha pembeni, kisha kingine, anavikusanya katika muungano mmoja wenye herufi nyingi, na wewe unalipia nafasi yako humo. Fedha ya dhamana unayoweka CENI hairudishwi. Usiiote.

Pili, chagua vizuri wabadala wako wawili, wale "suppléants". Ukiteuliwa waziri, mbadala ndiye anayekaa kitini. Na tangu Katiba ilipofanyiwa marekebisho 2011, ukifukuzwa uwaziri unarudi kukidai. Sasa fikiri: utamrudishia nani kiti kwa amani? Rafiki? Rafiki atakwambia amekizoea. Ndiyo maana kwenye fomu nyingi za wagombea wetu majina ya wabadala yanafanana mno na jina la mgombea. Watu wa mji husema ni upendeleo wa kifamilia. Wewe sema ni usalama wa taifa.

Barabara? Iahidi, bila shaka. Usithubutu tu kuitengeneza. Kipande cha lami kilichojulikana kuliko vyote Walikale kilikuwa pale Kilambo, na kwa miaka mingi ndege ndogo zilitua juu yake kubeba madini. Magari yaliombwa yasubiri. Ndiyo barabara pekee duniani ambayo uzuri wake uliwafaidi waliokuwa juu.

Na usitegemee sana bunduki. Najua vishawishi ni vingi. Mwaka 2011 Ntabo Ntaberi Sheka, mkuu wa kundi la Mai-Mai, aligombea ubunge Walikale huku akitafutwa kwa waranti. Watu wake walikuwa miongoni mwa waliowabaka mamia ya raia kwenye vijiji vya Luvungi na jirani zake mwaka uliotangulia. Siku yenyewe ya kura, 28 Novemba, Umoja wa Mataifa ukaliweka jina lake kwenye orodha ya vikwazo. Hakupata kiti. Alijisalimisha 2017, na Novemba 2020 mahakama ya kijeshi ya Goma ikampa kifungo cha maisha. Kwa jambo hili sina mzaha.

Hatari za kiti chenyewe

Usidhani Masisi isiyopiga kura ni kitanda cha manyoya. Mbunge wake mmoja, Édouard Mwangachuchu, mwenye kampuni ya madini kule Rubaya, alikamatwa Machi 2023, na tarehe 6 Oktoba mwaka huo Mahakama Kuu ya Kijeshi ikamhukumu kifo kwa uhaini na kwa kushiriki harakati za M23. Yeye alikana. Usisahau pia kwamba kura za Masisi, hata zinapopigwa, zina mkosi wao: zile za 2011 zilivurugika kiasi kwamba CENI yenyewe iliiomba Mahakama Kuu izifute pamoja na za maeneo mengine sita. Na Januari 2024 CENI ilifuta kura za wagombea 82 nchini, akiwemo gavana wa Kinshasa wakati huo, Gentiny Ngobila, kwa tuhuma za udanganyifu na fujo. Mkubwa kama yule! Wewe una nini, zaidi ya hilo gari la mkopo?

Lakini kisa ninachokipenda zaidi ni cha Corneille Nangaa. Yeye ndiye aliyekuwa mkuu wa CENI mwaka 2018, tume ile ile iliyokutangaza wewe mshindi. Tarehe 15 Desemba 2023, siku tano kabla ya kura ambayo Masisi iliikosa, alisimama Nairobi akatangaza muungano wake, AFC, uliokuja kuwa mwavuli wa M23. Aprili 2024 Rubaya ikaanguka mikononi mwa waasi. Januari 2025 wakaingia Masisi-kati, kisha Goma. Tarehe 19 Machi wakafika Walikale-kati, wakaondoka mwanzoni mwa Aprili. Aliyekupa cheti chako cha ubunge ndiye ambaye wakubwa wake wa vita walikalia ofisi ya msimamizi wa teritwari yako. Ukitaka kukata rufaa kuhusu matokeo ya 2018, walau anwani yake inajulikana.

Kushuka mashinani

Wapiga kura watalalamika kwamba hushuki kuwaona. Muda mrefu jibu lilikuwa rahisi, kwa kuwa wao walikuwa wameshuka kwako: Bulengo, Lushagala, kambi za pembezoni mwa Goma zilizojaa watu wa Masisi. Ungeweza kufanya ziara ya teritwari nzima kati ya chai ya asubuhi na chakula cha mchana. Februari 2025 kambi zile zikaondolewa kwa amri ya watawala wapya wa mji, watu wakajitwika maturubai na sufuria, wakapanda vilima kurudi walikotoka, au karibu na walikotoka.

Kwa hiyo siku moja itakubidi upande. Ukifika juu ya Nyabiondo utamkuta mama analima viazi, amevaa fulana yako ya kampeni ya 2018. Usijitambulishe haraka. Picha yako imefutika kwa jua na sabuni, macho yameondoka, mdomo umebaki nusu, na jina la chama limepasuka mahali pa bega. Namba yako ya mashine tu ndiyo bado inasomeka. Atakuuliza kama wewe ni mtu wa shirika la misaada. Mwambie ndiyo, umpe sabuni, na ugeuze gari mapema. Njia hiyo jioni si ya mchezo.