Kwa Wizara Iliyopenda Namba

Kwa Waheshimiwa wa Wizara ya Jeshi la Majini, Rue Royale, Paris.

Barua hii imechelewa zaidi ya miaka mia, lakini nanyi mliwahi kuwa na haraka ya kuwatosha wote: mwaka 1886, Admirali Théophile Aube alipokalia kiti cha uwaziri, mkaagiza mashua za torpedo za mita 35 kwa makumi.

Hoja yenu naielewa. Tarehe 23 Agosti 1884, mashua yenu namba 46 iliiendea manowari ya Kichina Yangwu katika Mto Min, karibu na Fuzhou, bomu likining'inia kwenye ncha ya mti mrefu uliochomoza omoni. Ikaitoboa. Yangwu ilikuwa imetia nanga, na maji yalikuwa ya mto. Nanyi mkapiga hesabu: aliyechinja mbuzi wa kamba, simba wa porini atamshinda nini?

Kisha lile umbo la mashua zenu za mita 35! Bati jembamba, ubavu mwembamba kama sindano, boila na injini zimejaa tumboni, na torpedo zikapandishwa juu kule omoni. Fundi wa jahazi angeuliza farumi iko wapi. Ninyi mliuliza kasi. Mabaharia walilala wapi? Swali la watu wanaolala, hilo.

Machi 1889 bahari ikaijibu hesabu yenu. Mashua namba 102 ikapinduka karibu na Toulon. Namba 110 ilitoka Le Havre kwenda Cherbourg, safari ya pwani ya nyumbani kabisa, ikazama na watu wake wote. Nakiri, namba hufutika daftarini bila kelele. Jina lingedai kalamu nzito zaidi.

Chombo kimoja mlikipa jina la heshima: Gabriel Charmes, mwandishi wa magazeti aliyehubiri kwamba vyombo vidogo vingi vitazistaafisha manowari kubwa. Mkakitwika mzinga wa sentimita 14. Kikayumba hata mpiga mzinga akawa analenga mawingu, mara samaki. Mwishowe mkaushusha mzinga, mkakiingiza katika kundi la torpedo, na jina mkalifuta. Kikawa namba 151.

Sisi waandishi tumeupata ujumbe.

Wenu, kutoka nchi kavu,
Msomaji wa madaftari yenu