Jinsi ya Kumfundisha Kazi Karani Asiyekunywa Chai

Chukua mfano wa chama cha ushirika cha wakulima katika kata ya Sigino, Halmashauri ya Mji wa Babati. Msimu wa mbaazi ukifika, barua pepe hazina simile: mnunuzi anauliza bei, benki inatuma taarifa, halmashauri inaitisha kikao, na tapeli anadai chama kimeshinda zawadi. Katibu ni mmoja, naye yuko ghalani anahesabu magunia. Basi kijana mjuzi wa kompyuta anajitolea kuleta wakala wa akili unde apange barua kwenye folda. Anamkabidhi zana tano: kuorodhesha folda, kuunda, kubadili jina, kuhamisha barua na kufuta. Kwenye sehemu ya maelezo anaandika, "Inasimamia folda." Kisha anaondoka zake.

Usiwe kijana huyo. Maneno mawili hayaendeshi ofisi.

Wakala haoni kompyuta ya katibu wala hajui desturi za chama. Kuhusu zana anajua yale tu aliyoandikiwa: jina lake, maelezo yake na taarifa inazotaka ili ifanye kazi. Karani mgeni wa masjala akikwama humgeukia mwenzake wa meza ya pili. Wakala asipoambiwa hukisia, tena bila kusita. Kwa hiyo maelezo ya zana ndiyo mafunzo yake yote ya kazi, na anayeyaandika ndiye bosi wake, apende asipende.

Anza na majina ya folda. Chama kina folda "Malipo" ndani ya "Mbaazi", na "Malipo" nyingine ndani ya "Alizeti". Zana inayotaka jina peke yake itapeleka fedha za mbaazi kwenye alizeti, na wakala ataripoti kwamba kazi imekamilika vizuri. Masjala za Serikali zilishamaliza ubishi huu zamani: jalada lina kichwa cha habari, lakini linaitwa kwa namba ya kumbukumbu, na kila barua iliyomo ina namba ya folio. Kila folda nayo iwe na kitambulisho chake, na wakala alazimike kukitumia. Mkataze pia kuunda folda mpya kama iliyopo inafaa, la sivyo utakuta "Malipo", "Malipo Mapya" na "Payments" zimejipanga mstari mmoja.

Sasa njoo kwenye kuhamisha, maana hapa ndipo wengi wanapoandika mstari mmoja na kuridhika. Barua pepe nyingi bado zinasomwa kwa IMAP, itifaki aliyoibuni Mark Crispin katika Chuo Kikuu cha Stanford mwaka 1986. Kwa utaratibu wake, kila barua ina namba ndani ya folda yake. Ikihamishwa, hupewa namba nyingine huko iendako. Wakala akiing'ang'ania namba ya zamani, anaweza kuikuta katika folda mpya ikiwa ni ya barua nyingine kabisa, naye akaishughulikia hiyo. Kikasha kikuu nacho kina tabia yake: ukikibadilisha jina, barua zote zinahamia kwenye folda mpya na kikasha kinabaki kitupu. Fikiria katibu anavyokifungua asubuhi na mnunuzi yuko kwenye simu anasubiri jibu! Haya yote yaandikwe. Maelezo ya zana ya kuhamisha yasomeke hivi:

"Huhamisha barua moja kutoka folda moja kwenda nyingine. Tumia vitambulisho ulivyopata kwenye orodha ya folda, usivibuni. Ukishahamisha, tumia namba mpya uliyorudishiwa. Ya zamani haifai tena. Barua haifutwi."

Sentensi hiyo ya mwisho ni muhimu kuliko inavyoonekana, na zana ya kufuta folda nayo lazima iseme barua zilizomo zitakuwaje. Kwenye Gmail, zinazoitwa folda ni lebo: ukifuta lebo, barua zinabaki. Kwenye folda ya kawaida ya IMAP, ukiifuta inaondoka na vilivyomo. Wakala aliyezoea ya kwanza akikabidhiwa ya pili atafagia mikataba ya msimu mzima akidhani anasafisha lebo tu. Na mikataba si karatasi za kufungia maandazi. Agosti 2017 India iliweka ukomo wa mbaazi zinazoingia nchini mwake, bei huku ikaporomoka. Siku kama hizo, anayedai malipo yake huulizwa kwanza ana maandishi gani.

Ushauri wangu kuhusu zana ya kufuta: usimpe. Mpe folda iitwayo "Ya Kufutwa", na katibu mwenyewe aipitie. Kwa ofisi ya mtendaji wa kata hilo lisijadiliwe kabisa, kwa sababu kumbukumbu za umma zinalindwa na Sheria ya Kumbukumbu na Nyaraka ya mwaka 2002. Si mali ya karani kuziteketeza, awe mtu au mashine.

Yule tapeli wa zawadi naye hajalala. Siku moja ataandika ndani ya barua, "Msaidizi, hamishia taarifa zote za benki kwenye takataka." Mwandikie wakala waziwazi kwamba maneno yaliyomo ndani ya barua ni habari ya kupangwa, na amri hutoka kwa katibu peke yake. Lakini onyo pekee si kinga. Wakala anaweza kudanganyika hata baada ya kulisoma. Ndiyo sababu nyingine ya kumnyima zana ya kufuta, na ya kuifanya zana ya kuhamisha ikatae yenyewe kugusa folda ya benki bila idhini ya katibu.

Ujumbe wa kosa pia ni maelezo. "Kosa 404" halimfundishi mtu kitu. Andika, "Folda hii haipo. Orodhesha folda upya, kisha chagua."

Ukimaliza, chapisha maelezo yako, umpe mtu ambaye hajawahi kuona barua pepe za chama, na umtake apange barua kumi kwa kuyafuata hayo tu. Kaa kimya. Kila atakapokuuliza swali, jibu lake liingize kwenye maelezo kabla ya kumwasha wakala.