Heko kwa Ugaga

Washairi wetu wameusifu mnazi na jahazi, wamewasifu wapenzi waliowatoroka, na wamewasifu watawala ambao leo hatuwataji. Ugaga, uliokuwa umekaa kwenye meno yao muda wote walipokuwa wakighani, haujaambulia hata kibwagizo. Deni hilo nalilipa mimi, kwa sababu tumeishi pamoja miaka mingi: mimi naulisha, wenyewe unajenga.

Na kujenga unajua. Kazi huanza na ule utando laini wa bakteria ambao ulimi huuhisi asubuhi kabla ya mswaki. Ukiachwa siku chache, mate huuletea kalsiamu na fosfati, ukaganda, ukawa jiwe. Hakuna zabuni, hakuna asilimia kumi ya mtu. Hupenda zaidi nyuma ya meno ya mbele ya chini, kwa kuwa hapo ndipo mate hububujikia. Pitisha ncha ya ulimi: mahali pa meno manne utakuta ukuta mmoja wenye kingo za kukwaruza. Mswaki haubomoi ukuta huo, wala mkaa, wala chumvi, wala limau linalosambazwa WhatsApp na shangazi zetu, ambalo likizoewa huanza kulila jino lenyewe.

Ni mpole pia. Fizi zitavimba, zitaacha damu kwenye mswaki, kinywa kitanuka, na mwenyewe hutasikia maumivu. Kwa mvuta sigara huzidisha usiri: tumbaku hubana mishipa, damu haionekani, naye hujiona mzima. Haubagui, Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa watu zaidi ya bilioni moja wana ugonjwa mkali wa fizi. Kwa kisukari ni ndugu wa damu, kila mmoja humchochea mwenzake. Nao ni mwaminifu. Kuna wanaokataa kukwanguliwa kwa hoja kuwa kunalegeza meno, kumbe jino lilishalegea zamani, mfupa umeshaliwa, na ugaga ndio uliobaki kulishikilia.

Lakini hayo yote ni madogo mbele ya fadhila yake kuu, ambayo ni kutunza kumbukumbu. Mwaka 1683 Antonie van Leeuwenhoek, mfanyabiashara wa vitambaa wa mji wa Delft aliyejitengenezea hadubini, alichokoa utando baina ya meno yake mwenyewe, akauangalia, akaona vijidudu vikirukaruka. Akaiandikia Royal Society ya London, na barua hiyo ni miongoni mwa taarifa za kwanza kabisa za bakteria. Huo ulikuwa utando tu. Ukishakuwa jiwe, kumbukumbu haipotei. Mwaka 2019 watafiti walitoa habari za mwanamke aliyezikwa kwenye nyumba ya watawa ya Dalheim, Ujerumani, zaidi ya miaka 850 iliyopita. Ndani ya ugaga wake walikuta chembe za buluu za lapis lazuli, jiwe lililochimbwa Afghanistan na kuuzwa kwa bei kubwa kwa ajili ya kupambia vitabu vitakatifu. Yaelekea alikuwa mchoraji aliyekuwa akiichonga ncha ya brashi kwa midomo. Jina lake halijulikani na nyumba yenyewe iliteketea. Masijala pekee iliyomkumbuka ilikuwa nyuma ya meno yake.

Basi nami nina matumaini. Wataalamu wa karne ya 31 watalifungua taya langu na kusoma wanga wa muhogo, masizi ya mkaa, na vumbi jingi mno, wakahitimisha kuwa barabara ya mtaani kwetu ilikuwa ikitengenezwa. Wataandika tasnifu. Watabishana kama ilikuwa barabara moja iliyochelewa au nasaba nzima ya barabara.

Sasa linganisha na masijala ya hospitali ninakotibiwa, ambayo ina makabati ya chuma, kompyuta, na binti mpole dirishani.

"Baba, faili lako halionekani. Lipia jipya."

Nalipia jipya. Hapa niuache utani kidogo, maana faili la fizi si karatasi ya urembo. Daktari huingiza kijiti chenye alama baina ya fizi na jino, akapima kina cha mfuko: milimita moja hadi tatu ni salama, zaidi ya hapo kuna jambo. Namba hizo hazina maana zikisomwa peke yake. Ni lazima ziwekwe kando ya zile za mwaka jana. Na za mwaka jana ziko wapi? Zimelala na faili. Kwa hiyo kila mwaka mimi ni mgonjwa mpya, na ugaga wangu ndio pekee mle ndani unaokumbuka kuwa nilishawahi kuja.

Hata namba zikipatikana, mashine ya kukwangulia imeharibika, inasubiri kipuri. Imesubiri kipuri tangu mkurugenzi aliyepita. Koleo la kung'olea haliharibiki, na ganzi ipo. Fizi inayotoka damu tu bado inapona: mswaki mara mbili kwa siku, uzi au kijiti cha kupita kati ya jino na jino, na mtu wa kuukwangua ugaga kwa wakati. Mfupa ukishaliwa haurudi hivi hivi. Wote pale wanalijua hilo, wamelisomea, na bado foleni nzima ya watu wazima inaelekea kwenye mlango wa koleo kwa kuwa ndio ulio wazi.

Nikaona nijaribu kliniki binafsi, kwa bima. Bima yangu, ambayo sitaitaja, inaweka kukwangua ugaga kwenye fungu la urembo, pamoja na kung'arisha meno ya maharusi. Niliwapigia simu. Nikauliza: je, jino langu likilegea kwa kukosa kukwanguliwa, mtalipia kuling'oa? Dada wa upande wa pili akafurahi kupata swali lenye jibu jema.

"Tunalipia, baba. Hilo halihitaji hata kibali."